Tahadhari: kuna tapeli anauza ramani za nyumba za paa la kuficha

Wadau, kama uko mbioni kununua ramani ya nyumba ya kisasa, zile za kuta nyeupe, madirisha mapana na paa lisiloonekana, soma hii kabla hujatuma hela. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na picha nzuri kweli kweli, lakini anachouza ni hewa. Simtaji jina, na hata ningelitaja lisingekusaidia: akaunti ikilalamikiwa anaifunga, anafungua nyingine na picha zilezile. Mjue kwa kazi yake.

Mteja aliyeniletea kazi ya huyu bwana aliuziwa "seti kamili". Nikafungua faili. Kurasa za mwanzo zote ni picha za 3D: machweo, bwawa la kuogelea, gari jeusi limeegeshwa mlangoni. Ramani yenyewe ni ukurasa mmoja. Mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa toka juu hadi chini, hakuna, wa paa hakuna, wa nondo ndiyo kabisa. Kwenye picha, sebule ina kioo upande mzima kuanzia sakafuni hadi darini. Kwenye ramani ukuta huohuo ni wa tofali na dirisha la kawaida katikati. Ngazi ndiyo iliyonimaliza. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu imeandikwa mita 3.2, na vipandio vimechorwa 12. Kila kipandio kikiwa na kimo cha sentimita 17, unafika mita 2 na kidogo. Mita moja na ushee iliyobaki, sijui uruke.

Halafu mhuri. Ukiukuza unaona umebandikwa kama picha, una kiboksi cheupe nyuma yake kinachofunika mistari ya mchoro. Namba ya usajili haisomeki.

Watu wanapigwa kirahisi kwa sababu nyumba za aina hii zinaonekana nyepesi kuchora. Maboksi mawili matatu, rangi nyeupe, basi. Kumbe ni kinyume chake. Nyumba yenye urembo mwingi husitiri makosa: ubao wa chini ya ukuta unaziba pale plasta inapokutana na sakafu, urembo wa dari unaziba kona ya juu, fremu pana inaziba ufa wa pembeni mwa mlango. Ukiviondoa vyote hivyo, kila kiungo kinabaki uchi na kila kimoja kinataka mchoro wake. Nyumba ya Farnsworth aliyoisanifu Mies van der Rohe kule Marekani, ikakamilika 1951, ni kama chumba kimoja cha kioo kwenye nguzo 8 za chuma. Ukiitazama utasema ni ya kuchora jioni moja. Lakini sehemu zilizochomelewa zilisagwa zikapakwa rangi mpaka huoni chuma kimeshikanaje, na kwa sababu ya gharama mteja na msanifu waliishia mahakamani. Wepesi huo ni kazi, na kazi hiyo ndiyo kishoka wetu huyu haifanyi.

Tuje kwenye paa, maana hapa ndipo majuto yanapoanzia. Paa la kuficha si paa bapa kama meza. Nyuma ya ule ukuta unaoliziba lazima kuwe na mteremko. Kwa paa la zege, wasanifu wengi huchora kama sentimita 1 kwa kila sentimita 40, ili hata fundi akikosea kidogo mteremko usipungue chini ya 1 kwa 80. Lazima kuwe na mfereji wa ndani wenye ukubwa uliopigiwa hesabu, mabomba ya kushushia maji, na tobo la dharura kwenye ukuta ili majani yakiziba bomba maji yapate pa kutokea badala ya kugeuza paa kuwa bwawa. Kizuizi cha maji, yaani lile tabaka linalotandazwa juu ya paa lisivuje, nacho kipandishwe ukutani angalau sentimita 15, na kichwa cha ukuta kiwe na mteremko wake. Hata wakubwa paa hizi ziliwaadhibu: Villa Savoye, nyumba aliyoisanifu Le Corbusier, iliyokamilika 1931 karibu na Paris, ilivuja mpaka mwenye nyumba akawa anamwandikia barua za malalamiko. Mteja wangu alipomuuliza muuzaji maji ya mvua yanatokea wapi, alijibiwa hivi: "Fundi atajua saiti."

Lingine ni vyumba vinavyoning'inia. Picha zake nyingi zina boksi la juu limechomoza mbele bila nguzo, gari liko chini. Kuning'iniza kunawezekana, ila kunataka mhandisi apige hesabu ya boriti, nondo na uzito unaoshikilia upande wa nyuma. Vibaraza vya Fallingwater, nyumba aliyoisanifu Frank Lloyd Wright kule Marekani, viliwekewa nondo zaidi ya zilizokuwa kwenye mchoro na bado vikalegea, sehemu nyingine kwa takriban sentimita 18, hadi mwaka 2002 vilipoimarishwa kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Sasa fikiria boksi ambalo halijapigiwa hesabu na mtu yeyote.

Kuuza ramani zilizokwisha kuchorwa si dhambi, na wapo wanaofanya biashara hiyo kwa uaminifu. Wao hukwambia mapema kwamba lazima irekebishwe kulingana na kiwanja chako. Swali lao la kwanza ni kiwanja: ukubwa, mwinuko, udongo, jua linachomoza upande gani. Kioo kipana kikielekea magharibi bila kivuli, sebule inakuwa tanuri kila alasiri. Huyu swali lake la kwanza ni unalipa kwa njia gani. Ofa huwa inaisha leo usiku, siku zote. Ukishalipa nusu anakutumia faili lenye nenosiri, ukimalizia nusu nyingine upewe nenosiri. Wapo waliomalizia wakazuiwa palepale. Wengine wanapewa hicho nilichokieleza hapo juu.

Kabla hujalipa, itafute picha yake kwa ile huduma ya kutafuta kwa picha, mara nyingi utaikuta kwenye ukurasa wa msanifu wa nchi nyingine kabisa. Siku hizi anatumia pia picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Hizo angalia vivuli: vya miti vinaelekea huku, vya nyumba kule. Hesabu madirisha ya nje uyalinganishe na vyumba vya ndani. Omba ukurasa mmoja tu wa mkato wenye vipimo, hata akiuchapa jina lake katikati usiweze kuutumia. Au mpigie simu ya video afungue mchoro kwenye programu yake na kuuzungusha mbele yako. Mwenye kazi yake hilo halimsumbui. Namba ya usajili usiihakiki kupitia kiungo anachokutumia yeye. Ipeleke mwenyewe kwenye bodi inayosajili wasanifu majengo.

Kama umeshalipa, usifute mazungumzo wala risiti, na toa taarifa mapema kwa benki au mtandao uliopitishia hela, maana zikishatolewa kuzirudisha ni shughuli. Usichimbe msingi kwa ramani hiyo, hata kama fundi wako anasema ameshajenga kumi za namna hiyo. Ipeleke kwa msanifu na mhandisi uwaonyeshe picha kama mfano wa unachokipenda, waanze upya na kiwanja chako.