Seva Bandia ya Barua Pepe: Uzoefu Wangu katika Ofisi ya Uwakala wa Forodha Mombasa

Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hatua chache kutoka Mapembeni, kila kinachochelewa husingiziwa intaneti. Programu ya kusomea barua pepe ikiganda asubuhi, wakati notisi za kuwasili kwa meli zinapomiminika, bi mkubwa wa hesabu huniita kwa sauti inayofika hadi kwenye ngazi: "Mwanangu, mtandao wako umelala tena!" Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliipokea lawama hiyo na kuipeleka kwa kampuni inayotuuzia intaneti. Wao walipima laini yao na kunijibu kwamba haina kasoro, nami sikuwaamini. Walikuwa wakisema kweli, na nililijua hilo siku nilipouondoa mtandao wote katikati na kuiunganisha programu ile na seva bandia iliyokuwa juu ya meza ileile.

Seva bandia huzungumza itifaki (kanuni za mawasiliano) zilezile zinazozungumzwa na seva ya kweli, yaani SMTP ya kutuma barua na IMAP ya kusomea, lakini barua inayopewa haiendi popote. Hubaki ndani yake, ikahesabiwa na kuchunguzwa. Kabla ya kuijua njia hii nilikuwa nikipima kwa akaunti ya kweli, na nilijuta: barua mia mbili zenye kichwa "jaribio" zilimfikia mteja wetu wa Kampala, akapiga simu kwa wasiwasi kuuliza kama kontena lake limezuiwa bandarini, na siku hiyohiyo kampuni inayotunza barua zetu ikaifunga akaunti kwa kuishuku kuwa inasambaza barua taka. Tangu hapo hata ndani ya seva bandia mimi hutumia anwani za example.com au zenye mwisho wa .test pekee, ambazo zilitengwa rasmi tangu mwaka 1999 kwa ajili ya mifano na majaribio, ili kosa la usanidi likitokea barua isimwangukie mtu yeyote.

Nilianza na GreenMail. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, hailipiwi, na kwa kuwa nilikuwa na Java tayari, kuisimamisha kulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hufungua poti zake, yaani milango yenye namba ambayo programu huingilia, kwa kuongeza 3000 juu ya namba za kawaida, hivyo SMTP iko 3025 badala ya 25 na IMAP iko 3143 badala ya 143, jambo linaloondoa ugomvi na huduma nyingine zilizomo ndani ya kompyuta. (Ninasema poti kwa makusudi, maana katika mji huu ukisema bandari namba 3143 utaulizwa ni gati gani ya Kilindini.) Ukizima ukaguzi wa nenosiri, humpokea mtumiaji yeyote na kumfungulia sanduku papo hapo. Kwa mtu anayetaka tu kujua kama programu yake inaingia, inasoma, inafuta na inatuma sawasawa, sijaona kilicho chepesi zaidi.

Lakini GreenMail huweka barua zote katika kumbukumbu ya kompyuta, si katika diski. Nilikuwa nimesoma hivyo, nikapuuza. Nilitumia mchana mzima kuipakia barua, umeme ukakatika mara moja kwa sekunde chache, na sanduku likawa tupu kama lilivyozaliwa. Nilipoanza upya kwa viambatisho vizito zaidi, Java ilisimama kwa kuishiwa nafasi kabla sijafika nusu ya idadi niliyoitaka. Sihesabu haya kuwa dosari ya programu, kwani ilitengenezwa kwa majaribio mafupi ya waandishi wa programu, nami nilikuwa nikiilazimisha kuwa ghala. MailHog na Mailpit, ambazo wenzangu wengi huzisifu kwa ukurasa wake mzuri wa poti 8025, hazikunifaa kwa sababu nyingine: hunasa barua zinazotumwa na kuzionyesha katika kivinjari, lakini hazina IMAP, na bila IMAP huwezi kupima programu inayosoma folda zilizo kwenye seva. Waliozoea kusimamisha seva ndogo kwa mstari mmoja wa Python nao wajue kuwa moduli ya smtpd iliondolewa katika toleo la 3.12 la mwaka 2023, na wanaoihitaji kazi hiyo sasa hutumia aiosmtpd.

Kazi kubwa kuliko kuisimamisha seva ni kuijaza barua zinazofanana na barua zako. Sikuweza kunakili sanduku la ofisi, kwa kuwa limejaa ankara, namba za pasipoti na mikataba ya wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimpi fundi ruhusa ya kuzichezea kwa sababu tu anafanya majaribio. Nilichukua mkusanyo wa barua za Enron, kampuni ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001, ambazo ziliwekwa hadharani wakati wa uchunguzi na hutumiwa na watafiti kote duniani. Zinafika kama nusu milioni, za wafanyakazi wapatao 150. Ni hazina, ila hazifanani na maisha yetu. Mkusanyo huo ulitolewa bila viambatisho, ilhali barua yetu ya kawaida ni maneno mawili, "Tafadhali angalia", pamoja na hati ya shehena iliyopigwa picha kwa skana na kuwa PDF ya megabaiti tatu. Kiambatisho kinaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi kwa mtindo wa base64, na mgeuzo huo hukivimbisha kwa takribani theluthi moja, hivyo megabaiti tatu huwa nne. Niliandika programu fupi ya kupachika PDF tupu za ukubwa huo katika barua moja kati ya kila tatu, nikaongeza mijadala mirefu yenye majibu juu ya majibu, na vichwa vya habari vya herufi za Kichina kama tunavyovipata kutoka kwa wauzaji wa Guangzhou, kwa sababu kusimbua vichwa vya aina hiyo nako ni kazi inayoweza kuielemea programu.

Jibu la kwanza lilipatikana hata kabla sijaachana na GreenMail. Programu yetu ilikuwa kwenye kompyuta ya bi mkubwa, seva bandia ilikuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, waya wa mtandao nimeuchomoa, na bado skrini iliganda kwa sekunde tisa hadi kumi na moja kila barua mpya ilipoingia. Intaneti haikuwapo hata ya kusingiziwa. Nilipochungulia diski nikaelewa: programu ile huhifadhi nakala ya kila folda katika faili moja refu la mtindo wa mbox, na faili la kikasha chake lilikuwa limevuka gigabaiti sita, zikiwamo barua alizokwisha kuzifuta, kwa kuwa katika mbox barua iliyofutwa haiondoki hadi folda ibanwe, yaani faili liandikwe upya bila zilizofutwa. Kila barua mpya ilipoandikwa mwishoni mwa faili, programu ya kuzuia virusi iliona faili limebadilika ikaanza kulikagua lote upya. Nilipoiambia kwa muda isiiguse folda hiyo, kuganda kulitoweka. Sikuiacha hivyo, maana ofisi inayopokea viambatisho vya watu wasiojulikana haina haki ya kuvunja mlango wake yenyewe. Nilizibana folda, nikazigawa kwa miaka, na faili la mwaka huu likawa dogo kiasi kwamba ukaguzi wake hausikiki.

Bi mkubwa alishukuru, akaniuliza mbona sikufanya hivyo mwaka uliopita.

Baada ya hapo nilitaka kulinganisha programu hiyo na nyingine ambayo meneja alikuwa ameipenda, na kwa kazi hiyo nilihamia Dovecot. Hii si seva bandia kwa asili yake. Ni seva ya kweli ya IMAP, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, na jina lake maana yake ni kibanda cha njiwa. Inakuwa bandia kwa namna unavyoisanidi. Niliiweka kwenye laptopu kuukuu yenye Debian, mfumo huria wa aina ya Linux, nikairuhusu ikubali jina lolote la mtumiaji kwa nenosiri moja, na sikuifungulia njia yoyote ya kutoka nje. Kwa kuwa nilichagua mtindo wa Maildir, ambao kila barua ni faili lake peke yake, sikuhitaji kuzituma barua elfu arobaini moja moja kupitia SMTP. Nilizinakili tu ndani ya folda, nayo ikazitambua. Kabla ya kila jaribio niliirudisha folda ilivyokuwa kwa amri moja, ili programu zote mbili zianzie mahali pamoja. Umeme ukikatika, barua zinabaki.

Katika jaribio la mwanzo programu ya meneja ilishinda bila ubishi. Ilifungua kikasha haraka na kuonyesha orodha kabla ya ile yetu kumaliza kujipanga. Ningeandika ripoti siku ile ningeandika uongo, kwa sababu laptopu na kompyuta zilikuwa zimeunganishwa kwa waya wa mita mbili, na safari ya kwenda na kurudi kati yake haikufika hata milisekunde moja. Seva yetu ya kweli iko Ulaya. Nilipoipima kutoka ofisini kwa ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, safari ya kwenda na kurudi ilikuwa karibu milisekunde 170, na hilo si kosa la mtu yeyote. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinazotua hapa Mombasa, kama TEAMS na SEACOM za mwaka 2009 na EASSy ya mwaka uliofuata, zimetuondolea utumwa wa setilaiti, lakini mwanga nao una mwendo wake, na bahari ni ndefu.

Linux ina chombo kinachoitwa netem, kinachoendeshwa kwa amri ya tc, ambacho huichelewesha kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachosafiri, kwa kadiri unayotaka, na kinaweza hata kuzipoteza baadhi kwa makusudi. Niliiambia laptopu icheleweshe kila inachokitoa kwa milisekunde 170. Tahadhari moja hapa kwa atakayefuata njia hii: nilipojaribu awali ndani ya laptopu yenyewe, programu na seva zikiwa pamoja, nilipata milisekunde 340, kwa sababu kwenye njia ya ndani pakiti hucheleweshwa ikienda na hucheleweshwa tena ikirudi. Ni lazima uweke nusu. Nilipoteza jioni nzima nikidhani hesabu yangu imeharibika.

Kwa ucheleweshaji huo mambo yaligeuka. Programu yetu ya zamani ilizidisha sekunde chache tu. Programu ya meneja ilichukua zaidi ya dakika moja na nusu kuonyesha barua mpya mia tano. Dovecot inaweza kuandika mazungumzo yote kati yake na programu, neno kwa neno, na nilipoyasoma nilipata maelezo kamili: programu yetu iliomba vichwa vya barua zote mia tano kwa ombi moja, na ile nyingine iliomba cha kwanza, ikasubiri, ikaomba cha pili, ikasubiri, hadi mwisho. Mara mia tano kwa milisekunde 170 ni sekunde 85, hata kabla ya kazi yenyewe kuhesabiwa. Juu ya meza yangu kusubiri huko hakukuwa na gharama yoyote, na ndiyo sababu iliyoifanya ionekane hodari. Aidha, ilipofunguliwa mara ya pili iliuliza upya hali ya barua zote elfu arobaini, ilhali yetu ilitumia nyongeza ya itifaki iitwayo CONDSTORE, ambayo huiwezesha programu kuuliza tu kilichobadilika tangu ilipoondoka. Meneja alitazama saa, akatikisa kichwa, na ununuzi ukasitishwa.

Kwa hiyo kwa anayehitaji kupima programu ya barua katika mji huu, ningemshauri aanzie Dovecot moja kwa moja, atenge siku mbili, na asiamini tarakimu yoyote iliyopatikana bila ucheleweshaji. GreenMail ninaendelea kuitumia kwa mambo madogo, hasa kila toleo jipya la programu linapotoka na nataka kujua upesi kama kutuma na kufuta bado kunafanya kazi. Kipo pia ambacho seva bandia hainionyeshi: haipunguzi kasi kama watoaji wa huduma wanavyofanya mtu anapozidisha maombi, haina kichujio cha barua taka, na watumiaji wake ni mimi peke yangu.

Simu bado hazijapimwa. Zinataka muunganisho uliofungwa kwa usimbaji wa TLS kwenye poti 993, nazo hukikataa cheti (kitambulisho cha seva) nilichojitengenezea hadi mamlaka yangu ya vyeti isakinishwe ndani ya kila simu kwa mkono. Mbili zimekubali. Ya tatu ni ya bi mkubwa, na hataki kuiacha mezani kwangu hata kwa nusu saa.