Jiwe la volkano na karo za porseleni jikoni: tathmini kutoka Goma

Jikoni mwetu hapa Goma kuna nyuso tatu ninazozitathmini: meza ya kazi iliyokatwa kwa jiwe la volkano na karakana moja ya mjini, karo za porseleni zisizong'aa zilizowekwa sakafuni, na karo nyeupe za seramiki zilizopanda ukutani nyuma ya meza hiyo. Zote zimepitia sombe (kisamvu) lenye mawese, sambaza (samaki wadogo) za kukaangwa, moto wa mbabula (jiko la makaa) na vumbi jeusi linaloingia na viatu. Hukumu yangu ni kwamba jiwe na porseleni zinastahili fedha zilizolipwa, lakini kilichoamua ubora wa kazi nzima ni gundi na viungo vya kati ya karo, yaani vitu ambavyo muuza duka hamwonyeshi mteja.

Jiwe lenyewe halihitaji kutambulishwa kwa wakazi wa mji huu, ambao sehemu ya kati yake ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mnamo Januari 2002, na ambao misingi, kuta na nyua zake nyingi zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Jambo linalosahaulika ni kwamba mawe ya mtiririko mmoja hayafanani. Tabaka la juu hupoa likiwa limejaa mapovu ya gesi, ndiyo maana huwa jepesi na lenye matundu mengi. Tabaka la ndani hupoa polepole, likawa zito na lenye matundu machache na madogo. Kwa ukuta wa ua tofauti hiyo haina uzito mkubwa, lakini kwa meza ya jikoni ni kila kitu, kwa sababu kila tundu ni mahali pa unga wa bugali na mafuta kujificha na kuoza. Anayeagiza meza ya namna hii aombe kuliona bamba kabla halijakatwa, alimwagie maji kidogo, kisha aangalie kama maji yanakaa juu au yanazama na kuacha doa jeusi papo hapo.

Karakana niliyoitumia ilinipa nafasi hiyo, na kwa hilo naisifu. Waliyajaza matundu yaliyobaki kwa epoksi nyeusi, yaani gundi ya kemikali inayokauka na kuwa ngumu, wakausugua uso kwa mawe ya kunolea kuanzia yale yanayokwaruza sana hadi laini kabisa, wakaviringisha kingo ili zisimeguke zinapogongwa na sufuria. Walichokipuuza ni upande wa chini wa ukingo unaozunguka beseni la kuoshea vyombo, ambao waliuacha bila kuusugua wala kuupaka dawa ya kuzuia maji, ingawa hapo ndipo maji hutiririka na kunywewa na jiwe. Ilinibidi niwaite tena, nao walirekebisha bila malipo ya ziada, lakini mteja asiyechungulia chini ya meza hawezi kuligundua jambo hilo mapema.

Kuhusu joto, jiwe lililozaliwa likiwa lava ya zaidi ya digrii 1,000 halitishwi na sufuria iliyotoka motoni. Kinachoumia ni epoksi iliyomo ndani ya matundu pamoja na dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu, na bamba lenyewe huweza kupasuka likipata joto kali mahali pamoja wakati sehemu nyingine ni baridi. Kwa hiyo mbabula yetu haikai juu ya meza hata siku ya mvua. Ina jukwaa lake la matofali pembeni, karibu na dirisha, ambako hewa chafu ya makaa hupata njia ya kutoka.

Kabla ya kuamua nililinganisha na graniti na marmari. Graniti ni ngumu, kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, kwa hiyo kisu cha kawaida hakiichani, na kama ingepatikana kwa bei ya jiwe la hapa ningeichukua bila kusita. Marmari nayo ni 3 tu katika kipimo hicho hicho, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba imeundwa kwa kalisi kaboneti, ambayo huliwa na asidi. Limao likidondoka, siki ikimwagika au nyanya iliyokatwa ikiachwa juu yake, hubaki alama hafifu isiyotoka kwa sabuni yoyote, kwa kuwa hilo si doa bali ni uso wenyewe ulioliwa. Muuzaji akikuambia kwamba bamba jeupe ni graniti, omba kipande kilichobaki, kidondoshee limao na usubiri dakika chache: kikitoa vipovu au kikapoteza mng'ao, si graniti. Jiwe letu la volkano haliguswi na limao kwa kiwango hicho, ingawa siachi siki ilale juu yake.

Karo za sakafuni nilizinunua katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, ambako mteja huonyeshwa kwanza zile zinazong'aa. Nilizikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni utelezi, kwani mafuta na maji yakikutana juu ya karo laini mtu huanguka akiwa na sufuria mkononi. Afadhali kutafuta alama ya R10 kwenye karatasi ya mtengenezaji, katika kipimo cha kuzuia utelezi kinachoanzia R9 hadi R13. Ya pili ni mchanga wa volkano, ambao ni mgumu na wenye ncha, na kila hatua ya kiatu huusaga juu ya sakafu mpaka mng'ao unafifia katika njia ya mlangoni huku pembeni ukibaki. Porseleni halisi hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali karo nyingi za ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo karo ya ukutani haifai kushushwa sakafuni hata kama rangi yake inapendeza. Kabla ya kulipa, soma namba ya rangi na namba ya kipimo kwenye kila katoni, kwa maana katoni mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kwa vivuli na kwa milimita, na tofauti hiyo huonekana ukiwa umekwisha kumaliza nusu ya chumba.

Sasa nifike kwenye gundi, ambapo nina maneno mengi zaidi. Kwa sababu porseleni hunywa maji kidogo mno, mchanganyiko wa kawaida wa saruji na mchanga haushiki vizuri mgongoni mwake. Inahitaji gundi ya saruji iliyotiwa polima (kemikali ya jamii ya plastiki inayoongeza mshiko), inayouzwa katika mifuko kwa ajili ya kazi hiyo. Mafundi wengi huweka madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, wakaigonga karo mpaka isawazike. Kazi hiyo huenda haraka na siku ya kwanza hupendeza, lakini chini kunabaki utupu, na siku mchi wa kinu utakapoanguka, karo itapasuka hapo hapo penye utupu. Dai fundi atumie mwiko wenye meno, aeneze gundi sakafuni kote, kisha baada ya kukauka uzigonge karo zote kwa sarafu na kusikiliza: inayolia kama debe tupu irudiwe kabla hujamlipa.

Viungo visiachwe bila nafasi kwa tamaa ya kupata sakafu isiyo na mistari. Milimita 2 hadi 3 zinatosha, na pale sakafu inapokutana na ukuta, au meza inapokutana na karo za ukutani, pawekwe silikoni, yaani gundi inayonyumbuka, badala ya saruji, kwa kuwa nyumba za mji huu hutikisika. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 mitetemeko ilifuatana siku kadhaa na kupasua majengo, na sehemu ngumu isiyo na pa kusogea ndiyo huachia kwanza.

Utunzaji wa kila siku ni mwepesi kwa anayefuata utaratibu. Fagia kwanza, ndipo upige deki, la sivyo mchanga utasugua sakafu pamoja na kitambaa. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, na usiruhusu majivu wala mchanga wa kung'arishia masufuria ufike juu ya jiwe. Wanaochota maji ya Ziwa Kivu wakaushe uso kwa kitambaa, maana maji hayo yana chumvi nyingi zilizoyeyuka na yakikauka yenyewe huacha utando mweupe. Siki huuondoa utando huo kwenye karo za ukutani, lakini hula saruji ya viungo, kwa hiyo isikawie na isuuzwe mara moja. Javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) iliyoongezwa maji hufaa kwa ukungu ulio kwenye viungo, ila isichanganywe kamwe na siki au dawa yoyote ya asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Doa la mawese lililoingia ndani ya jiwe halitoki kwa kusuguliwa. Changanya magadi ya kuokea mikate na maji kidogo mpaka yawe uji mzito, paka juu ya doa, funika kwa plastiki na uache usiku kucha. Uji ukikauka huyavuta mafuta, na mara nyingine kazi hiyo hurudiwa. Dawa ya kuzuia maji ipakwe upya pale tone la maji linapoanza kulitia jiwe weusi ndani ya dakika chache, si kwa kufuata kalenda.

Kwa mwenye fedha chache ningependekeza apunguze upana wa meza ya jiwe, au achague karo ya bei nafuu ukutani, ambako haikanyagwi wala haigongwi, kuliko kuokoa kwenye gundi ya sakafuni. Anunue pia karo za ziada, yapata asilimia 10 ya eneo lote, kutoka katoni za namba ile ile, kwa kuwa shehena inayofuata haitakuwa na rangi hiyo tena.