Filta ya dizeli kwa boti: ipi ya kununua kwanza, na namna ya kuziba kizibo chake

Dizeli inayofika kijijini kwa mapipa na madumu mara nyingi huja na maji na uchafu, na ndiyo maana filta iliyo kati ya tangi na pampu ya injini inapaswa kutenganisha maji, si kuchuja tu. Nimezipanga kwa kuangalia mambo mawili: upatikanaji wa spea zake, na urahisi wa kumwaga maji bila kuingiza hewa.

Ya kwanza ni aina ya Racor 500FG, ambayo huyazungusha mafuta ili maji na mchanga vitue kwenye bakuli angavu kabla mafuta hayajafika kwenye karatasi ya kuchujia. Hupitisha lita 227 kwa saa, kiasi kinachozidi mahitaji ya injini nyingi za boti ndogo, na kaseti yake yenye karatasi hiyo hutolewa kwa juu bila kugusa bakuli, jambo utakalolithamini mawimbi yakiwa makubwa. Kaseti ni za maikroni (elfu moja ya milimita, kipimo cha uchafu unaonaswa) 2 (kahawia), 10 (buluu) na 30 (nyekundu). Muuzaji atakusifia ile ya 2. Lakini ikiwa injini ina filta yake ya pili, chukua ya 10 au 30, kwa kuwa ya 2 huziba mapema na kuizimisha injini mkiwa mbali na nchi kavu.

Ya pili ni CAV 296. Ni filta ya zamani, ila kwa mwenye fedha kidogo ningemshauri aanzie hapa, maana ilifungwa kwenye matrekta mengi ya Massey Ferguson na karatasi yake hupatikana hata katika duka la spea za kilimo. Udhaifu wake ni oringi, yaani pete za mpira za kuziba: kila ubadilishapo karatasi badilisha na oringi zote, na uhakikishe ya zamani haikubaki imenata kwenye mfereji wake.

Ya tatu ni filta inayofungwa kwa kuizungusha kama ya oili, yenye kizibo chini. Inafanya kazi, ila maji huyaoni. Ile ndogo ya plastiki ya katikati ya mpira isiwe filta yako pekee, kwani haina pa kumwagia maji.

Sasa kizibo cha chini cha kumwagia maji, ambacho wengi hukipuuza. Filta hii huwa upande unaovutwa na pampu, kwa hiyo kizibo kibovu si lazima kidondoshe mafuta injini ikiwaka. Huvuta hewa, injini ikapoteza nguvu, na fundi akahangaika na nozeli zisizo na kosa. Nunua oringi ya ziada ya saizi ileile, ipake dizeli safi, na ukaze kizibo cha plastiki kwa mkono tu. Silikoni ya kawaida huharibiwa na dizeli. Tepu ya teflon haifai penye oringi, na vipande vyake vikikatika vinaweza kusafiri hadi kwenye pampu. Kizibo cha chuma chenye washa ya shaba kipewe washa mpya.

Ukimaliza, jaza filta dizeli safi, toa hewa, kisha unganisha kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu na uwashe injini. Mapovu yakiendelea baada ya dakika 10, kagua kwanza oringi ya kizibo, halafu ya mfuniko.