Springi za buti kwenye magari ya zamani: chombo kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kifuniko cha buti kikianza kukushukia mgongoni kila unapoinama kutoa mzigo, kuna jambo kwenye springi: imevunjika, imetoka kwenye kishikio chake, au kifuniko kimeongezewa uzito na springi haikimudu tena. Springi yenyewe mara nyingi si ghali. Kinachowakwamisha watu ni kuitoa na kuirudisha, kwa sababu inakaa na nguvu ndani yake saa zote, hata gari likiwa limelala gereji mwaka mzima.

Nimeifanya kazi hii kwenye Mustang ya 1966 huku Marekani, na miaka mingi kabla ya hapo nilishika tochi wakati fundi akihangaika na Corolla ya marehemu baba kule Tanga. Alitumia bisibisi ndefu. Aliingiza ncha chini ya chuma cha springi, akakandamiza, chuma kikatoka kwenye pengo lake vizuri kabisa. Wakati wa kukirudisha, bisibisi iliteleza. Nilisikia mlio mmoja mfupi kama kofi, kisha nikamwona ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, hasemi kitu. Kiganja kilivimba siku ile ile. Alikuwa fundi mzuri, na hakuwa mzembe. Alikuwa na chombo kisichokuwa na kinywa cha kushika kile chuma.

Ndiyo maana kipimo changu katika mwongozo huu ni kimoja: chombo kinaishikilia springi mpaka inapomaliza nguvu yake, au kinaiachia njiani? Kung'aa kwake, jina lake na bei yake ni mambo ya baadaye.

Kwanza itazame springi yako

Fungua buti, piga tochi juu kwenye bawaba. Ukiona vyuma viwili virefu vya mviringo vinavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, vikipishana nyuma ya siti chini ya ule ubao ambao watu huwekea spika, hizo ni toshenibaa. Kila chuma kimeshikwa mwisho mmoja upande huu, na mwisho wa pili umekunjwa na kukaa kwenye bawaba ya upande ule au kwenye kishikio chenye mapengo. Ukifunga buti, chuma kinasokotwa. Ukifungua, kinajisokotoa na kukiinua kifuniko. Mustang za mwanzo zinazo, Camaro za 1967 hadi 1969 zinazo, Impala na Chevelle za miaka hiyo vilevile, na saluni nyingi za Kijapani zinazotembea Dar na Nairobi mpaka leo, zikiwemo Corolla, zimejengwa kwa mtindo huo huo.

Ukiona springi iliyojiviringa kama ya kitanda, imenasa kwa ndoano kwenye bawaba na ndoano nyingine kwenye bodi, hiyo ni springi ya kuvuta. Chombo chake ni kingine kabisa.

Ukiona shokapu nyembamba nyeusi yenye fimbo inayong'aa, hiyo ni ya gesi. Unategemeza kifuniko kwa fito, ukachomoa vishikizo vyake kwa bisibisi ndogo au spana, ukaweka mpya. Huhitaji kununua chombo maalum. Ila usiikate wala kuitoboa ya zamani, kwa sababu ndani ina gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa.

Namba moja kwa toshenibaa: fimbo maalum yenye kinywa

Hii ni fimbo ya chuma yenye mkono wa kushikia upande mmoja, na upande wa pili ina tundu au kinywa cha umbo la U kinachoumeza mwisho wa toshenibaa. Unaivalisha, unavuta, chuma kinatoka kwenye pengo, kisha unarudisha mkono polepole mpaka nguvu yote iishe. Unarudishia kwa mwendo huo huo kinyume chake. Toyota na Honda, katika vitabu vyao vya gereji, wanaelekeza chombo maalum kwa ajili ya chuma hiki, na wauzaji wa vipuri vya magari ya kale Marekani wanazo za Mustang, Camaro na wenzao.

Unapoichagua, angalia kinywa kabla ya kitu chochote. Pima unene wa toshenibaa yako kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili, usikadirie kwa macho. Kinywa kikiwa kikubwa sana, chuma kinacheza ndani yake na kinaweza kuchomoka ukiwa katikati ya kuvuta. Kikiwa kidogo hakiingii, nawe utaanza kukipanua kwa nyundo. Kina cha kinywa nacho ni muhimu. Nataka kimeze angalau sentimita 2 za chuma, kwa sababu chenye kina kifupi huponyoka mara tu unapobadilisha pembe ya mkono.

Kisha urefu. Ukitoka kwenye mkono wa sentimita 30 ukaenda wa 60, nguvu unayotumia inapungua karibu nusu. Lakini ndani ya buti hakuna uwanja. Fimbo ya mita moja itagonga bodi kabla hujamaliza mzunguko wake, na rangi ya gari la kale si kitu cha kuchezea. Kwa saluni nyingi, sentimita 50 hadi 60 zinatosha.

Ubaya wake ni kwamba fimbo iliyotengenezwa kwa aina moja ya gari inaweza isikae kwenye aina nyingine. Mwenye gari moja tu atainunua, aitumie mara moja au mbili, kisha aining'inize ukutani. Ukiwa Marekani, hilo si tatizo kubwa, bei yake hainyimi mtu usingizi. Ukiwa Mombasa au Mwanza, nauli ya kuisafirisha inaweza kuizidi bei ya fimbo yenyewe. Hapo nakushauri usome sehemu inayofuata kwa makini.

Namba mbili: bomba la kuchongesha kwa fundi wa kuchomelea

Hiki ndicho chombo ninachokipenda, na ningekiweka cha kwanza kama kila mtu angekuwa na mchomeleaji mwaminifu karibu. Unanunua kipande cha bomba nene la chuma cha sentimita 60, ambacho tundu lake linapita juu ya mwisho wa toshenibaa kwa nafasi ndogo. Kwa gari ambalo mwisho wa chuma umesimama wazi, bomba tupu linatosha. Kama mwisho umejificha au umekunjwa karibu na bawaba, mwambie fundi akuchomelee kinywa cha U mwishoni.

Mambo matatu ya kumwambia, na usiondoke mpaka uyaone yametimia. La kwanza, bomba lisiwe lile jembamba la fanicha, litajikunja likiwa na mzigo. La pili, kingo za ndani ya kinywa zipigwe tupa mpaka zisikwaruze, kwa sababu zitagusana na chuma cha springi. La tatu, weldi izunguke pande zote, isiwe matone mawili ya kushikiza. Chombo kinachokatika weldi mkononi mwako ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Nilitumia bomba la namna hii kwenye Mustang. Nililivisha kipande cha mpira wa baiskeli kwa nje ili lisichubue rangi, nikalivuta kwa mkono mmoja, na wa pili nikauweka mbali kwenye ukingo wa buti. Chuma kilitoka kwenye pengo bila kelele. Nilipolirudisha bomba taratibu niliihisi nguvu ikipungua kiganjani kidogo kidogo, mpaka chuma kikalegea kabisa. Hisia hiyo ya kulegea polepole ndiyo unayoilipia, ukinunua au ukichongesha.

Kwa springi ya kuvuta: ndoano yenye mkono wa T

Hapa sina ubishani na mtu. Ndoano ya chuma kigumu yenye mkono wa mlalo, kama ile ya kutolea springi za breki za ngoma, ndiyo ya kununua. Inapatikana kirahisi, haili nafasi, na utaitumia kwenye breki pia. Chagua yenye ncha iliyopinda ndani vya kutosha kushika waya wa springi, na mkono unaojaza kiganja, kwa sababu utaivuta kuelekea kwako. Koleo la springi za breki nalo linafaa kwa springi ndogo. Kwa springi nene ya buti halifiki, mdomo wake haupanuki kiasi hicho.

Kabla hujanunua chochote, jua mbinu hii ya washa. Washa ni vile visahani vya chuma vyenye tundu. Springi ya kuvuta inapokuwa imenyooshwa, pingili zake zinaachana. Kisogeze kifuniko mpaka mahali springi inaponyooka zaidi, chomeka washa au sarafu kati ya pingili, moja baada ya moja, pande zote mbili. Ukirudisha kifuniko mahali springi hulegea, yenyewe itabaki imenyooka kwa sababu ya zile washa, na ndoano zake utazichomoa kwa vidole. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu washa ikiponyoka huruka.

Mkanda wa rachi

Ule mkanda wa kufungia mizigo kwenye pikapu, wenye mashine ndogo ya kukaza jino kwa jino, unaweza kuvuta mwisho wa toshenibaa nje ya pengo. Faida yake ni kwamba haukuachii ghafla unapovuta. Hasara yake inakuja wakati wa kulegeza: mikanda mingi hukaza jino kwa jino lakini huachia yote kwa mkupuo. Naipanga nyuma ya bomba kwa sababu hiyo. Itumie kama mlinzi wa pili: vuta kwa bomba, kisha mkanda ushike ili mkono upumzike wakati mwenzako anaweka sawa bawaba.

Vya kuacha dukani

Vaisgripu, ile koleo inayojifunga yenyewe ikishashika, ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaonekana inafaa. Inashika kwelikweli. Lakini meno yake yanauma chuma cha springi na kuacha makovu, na kwenye chuma kinachosokotwa kila siku, ufa huanzia kwenye kovu. Unaweza kuirudisha toshenibaa ikiwa nzima leo, ikakatika baadaye hapo hapo ilipoumwa. Ukilazimika kuitumia, funga kwanza chuma kwa shaba laini au ngozi nene.

Bisibisi ndefu nimeshaieleza. Haina kinywa, basi.

Vibanio vya springi za shokapu, vile vya bolti mbili ndefu, watu huvinunua wakidhani springi ni springi. Hivyo vimetengenezwa kuminya springi nene za chini ya gari. Kwenye toshenibaa havina pa kushika, na springi ya buti ya kuvuta inataka kunyooshwa, haitaki kuminywa.

Na grainda, ile mashine ya kukatia chuma, tafadhali iache. Kuna wanaokata toshenibaa iliyogoma kutoka. Chuma kilichosokotwa kikikatwa kinaachia nguvu yake yote kwa pigo moja, na uso wako uko hapo hapo ndani ya buti. Kama kutu imekishika, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho, kisha rudi na bomba refu zaidi kidogo.

Ukishanunua

Fanya kazi buti ikiwa wazi kabisa, kwa sababu hapo ndipo toshenibaa imesokotwa kidogo kuliko wakati wowote. Simamisha fito ya mbao kutoka sakafu ya buti hadi kwenye kifuniko, na mtu wa pili akishike. Ukitoa toshenibaa moja tu, kifuniko kitalemea upande na kinaweza kukunja bawaba. Ukitoa zote mbili bila fito, kitakushukia kichwani.

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, na utie alama ya rangi kwenye pengo ambalo chuma kilikuwa kimekaa. Kwenye magari mengi ya Kimarekani kishikio kina mapengo zaidi ya moja, na kila pengo linabadilisha nguvu ya kuinua. Mtu akishafunga spoila, lile bawa la nyuma, juu ya kifuniko, pengo la zamani halitoshi tena. Sogeza chuma pengo moja kuelekea kwenye nguvu zaidi, pande zote mbili sawa, kisha ujaribu. Kifuniko kikiruka juu kwa kishindo, umezidisha, kirudishe.

Na kabla ya kulipia springi mpya, hakikisha ya zamani imekufa kweli. Mara nyingi chuma ni kizima, kimetoka tu kwenye pengo lake baada ya mtu kujaza buti magunia mpaka yakagusa bawaba. Hapo utahitaji bomba la sentimita 60, mtu wa kukushikia kifuniko, na robo saa.