Jiliwa la benchi la useremala: lipi ununue kwa karakana ndogo ya nyumbani

Benchi langu la useremala nililiunda mwenyewe bandani nyuma ya nyumba, kwa mbao za paini za mbili kwa nne, na halikunipa shida hadi nilipolifunga jiliwa, yaani kifaa cha kubania mbao. Nilikuwa nimenunua jiliwa jipya la inchi 7, lenye rangi ya buluu inayong'aa. Siku ya kwanza nilibana ubao wa mninga wa ubavu wa droo ili niupige randa ukingoni, na kila randa ilipopita ubao ulishuka kidogo. Nilipoinama kutazama, niliona mwanga ukipenya kati ya ubao na taya upande wa juu, ilhali chini ubao ulikuwa umebanwa hadi ukaingia alama.

Kasoro hiyo wauzaji hawaitaji. Wao husifia upana wa taya na uzito wa chuma, nasi wanunuzi tunawafuata. Skrubu kuu na nondo zake mbili hupita chini ya mahali pa kubania, kwa hiyo unapokaza, taya la mbele huvutwa kwa chini na ukingo wake wa juu hufunguka kwa nje. Mtengenezaji anayeijua kazi yake huliinamisha taya hilo kwa ndani kidogo sana, ili kingo za juu zikutane kwanza na mataya yawe sambamba mkazo unapoongezeka. Kulipima jiliwa dukani ni jambo la dakika moja: weka kipande cha karatasi juu na kingine chini, funga polepole, kisha vivute vyote viwili. Cha juu kinapaswa kushikwa wakati cha chini bado kinateleza, na ikiwa ni kinyume chake, usilinunue hata ukipunguziwa bei.

La kwanza kwangu, bila kusita, ni jiliwa la mtumba la chapa ya Record, namba 52½, lililotengenezwa Sheffield, Uingereza. Taya lake lina inchi 9, linafunguka hadi inchi 13, na mbele lina wenzo mdogo unaoiachia nati iliyoshika skrubu, hivyo unalisukuma taya kwa mkono mmoja bila kuzungusha mpini muda mrefu. Namba 53, lenye taya la inchi 10½, ni zuri vilevile ila ni kubwa kwa benchi dogo, na namba 52 linafunguka inchi 8 tu. Kagua sana mahali nondo zinapoingia kwenye taya, hasa kama limepakwa rangi upya, kwa maana chuma cha kusubu hakipindi bali hupasuka, na fundi wa kawaida wa kuchomelea hawezi kukiunga kikadumu. Kutu ya juu isikutishe. La kwangu nililisafisha jioni moja kwa mafuta ya taa na brashi ya waya.

La pili ni kununua skrubu na nati yake peke yake, ukachonga taya la mninga au mvule na kulifunga kwenye mguu wa benchi. Kazi ni nyingi zaidi, lakini pini ya chini, inayoweka umbali kati ya taya na mguu wa benchi, inakuwezesha kuamua mwenyewe taya liiname kiasi gani. La tatu ni yale mapya yanayoiga Record, na hayo ununue tu yakifaulu mtihani wa karatasi. Ya bei rahisi kabisa, pamoja na majiliwa ya mafundi chuma yenye meno, yanaharibu mbao.

Linaloniudhi ni kwamba maduka mengi hayakuruhusu kufungua boksi kabla ya kulipa, na baada ya kulipa unaonyeshwa maandishi ukutani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji aliyeniuzia la buluu alinitajia bei moja kwa simu na nyingine nilipofika, kisha niliporudi kulalamika akaniambia sijui kukaza. Najua kukaza. Nimelitengenezea vibao vya kufunika mataya, vilivyo vinene zaidi kwa juu kwa takribani milimita 1, na sasa linashika. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima, nayo ilimpasa mtengenezaji aifanye kabla jiliwa halijatoka kiwandani.