Miezi minane na kikatio cha kuvuta kamba: uzoefu wangu

Napenda kupika, lakini maandalizi yanayotangulia kuwashwa kwa moto yalikuwa yakinichosha kiasi kwamba siku nyingine nilibadili chakula nilichokusudia kwa sababu tu sikuwa na moyo wa kumenya na kukatakata vitunguu. Miezi minane iliyopita nilinunua kikatio kidogo cha mkono, kile chenye bakuli la plastiki, visu vitatu vilivyopachikwa kwenye mhimili mmoja, na kifuniko chenye kamba ya kuvuta. Hakitumii umeme wala betri. Nimekitumia karibu kila siku tangu wakati huo, na ninaandika haya kwa sababu nilikaribia kukirudisha dukani kabla sijakielewa.

Siku ya kwanza nilijaza bakuli hadi juu kwa vitunguu nilivyovikata nusu nusu, nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Vya chini viligeuka uji na vya juu vikabaki kama nilivyoviweka. Kosa lilikuwa langu. Visu huzunguka karibu na kitako cha bakuli, kwa hiyo kila kipande kinahitaji nafasi ya kurushwa juu na kuangukia tena kwenye makali, na bakuli likijaa nafasi hiyo haipo. Sasa hugawa kitunguu kimoja mara nne, sijazi kupita nusu, navuta kwa mivuto mifupi ya haraka, na kila baada ya mivuto mitatu hivi nalitikisa bakuli ili vipande vilivyonata pembeni vishuke. Mivuto sita au saba hunipa vipande vidogo vya kuanzia mchuzi, na nikifikisha kumi na tano huwa vimekaribia kusagika.

Faida niliyoihisi mara moja ni ya macho. Kitunguu kinapokatwa, seli zake hupasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na viambata vyenye salfa, na hapo hutokea gesi inayopanda hadi machoni na kuyawasha. Ndani ya bakuli lililofunikwa gesi hiyo haina pa kwenda, ila ni vizuri kufungua kifuniko ukiwa umeelekeza uso pembeni, kwa kuwa huwa imejikusanya hapo. Asiyekuwa na kikatio anaweza kupata nafuu kwa kuweka vitunguu kwenye jokofu kwa muda kabla ya kuvikata na kwa kutumia kisu kikali, maana kisu butu huziponda seli nyingi zaidi.

Udhaifu wake upo, na baadhi yake hauna dawa. Vipande havilingani ukubwa, na kitunguu kilichokatwa humo hutoa maji mengi kuliko kilichokatwa kwa kisu, kwa hiyo nikitaka vitunguu vya kukaanga hadi viwe vya kahawia nakiacha kikatio na kurudi kwenye ubao, kwa sababu maji hayo ni lazima yakauke kwanza ndipo rangi ianze kuja. Nyanya mbivu hupondeka tu, na majani mabichi yakiingia na unyevu hugandana ukutani mwa bakuli. Kwa karoti, tangawizi na kitunguu saumu, hata hivyo, sijaona kifaa cha mkono kinachonifaa zaidi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kukata hakukuwa sehemu kubwa ya kazi. Kukata kulipokuwa kwa sekunde chache, ndipo nilipoona jinsi kumenya kunavyokula muda, na kikatio hakimenyi chochote. Ilinibidi nitafute njia za hilo pia. Punje za kitunguu saumu nazitenganisha na kuziloweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hivi, kisha maganda huteleza kwa kubanwa na vidole. Tangawizi naikwangua kwa ukingo wa kijiko cha chai, ambao huingia kwenye mikunjo ambayo kisu hukata pamoja na nyama yake. Nyanya nazichanja msalaba upande wa chini, nazitia kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, nazihamishia kwenye maji baridi, na ngozi hujivua yenyewe.

Mbinu hizo na kikatio kwa pamoja vimenifanya niandae mara moja kwa wiki badala ya kila jioni. Nakatakata vya kutosha, natandaza kwenye mifuko hadi viwe tabaka jembamba, kisha nagandisha, na siku ya kupika namega kipande ninachohitaji. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu: kitunguu saumu kibichi kisihifadhiwe ndani ya mafuta nje ya jokofu, kwa sababu mafuta huzuia hewa na bakteria wa Clostridium botulinum hustawi penye hali hiyo, na sumu yao inaweza kuwemo bila harufu wala dalili yoyote ya kuharibika. Kwenye jokofu kisipite siku nne. Zaidi ya hapo kigandishwe.

Kuosha ni rahisi ukiosha papo hapo. Kifuniko changu sikitumbukizi majini, kwani mwezi wa tano maji yaliingia kwenye sehemu ya kamba, ikawa inarudi polepole hadi nilipoiacha ikauke siku mbili nzima. Visu navishika kwa mhimili wake wa plastiki na kamwe siviachi ndani ya maji ya povu, ambamo mkono hauvioni.

Mama yangu, ambaye vidole vyake humuuma, alikijaribu na akashindwa, kwa kuwa mkono mmoja hulazimika kukandamiza kifuniko kwa nguvu huku mwingine ukivuta. Tulipoweka kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli ili lisiteleze, aliweza kukata karoti mbili, lakini alichoka haraka, na mtu mwenye maumivu kama yake ningemshauri anunue cha umeme chenye kitufe cha kubonyeza.