Rode Wireless GO II kwa mwandishi wa Tanga: nunua na waya wake

Magazeti kama Mwananchi, Nipashe na HabariLeo yana tovuti na kurasa za mitandaoni, hivyo mwandishi wa mkoani akipeleka maneno na picha tu, dawati la Dar es Salaam litauliza video iko wapi. Kamera ya simu inatosha kabisa. Kinachoangusha kazi ni sauti.

Wireless GO II, maiki isiyo na waya ya Rode iliyotoka 2021, ina transmita mbili za kumvisha msemaji na risiva moja ya kuchomeka kwenye simu, kila kimoja kama gramu 30. Transmita ina maiki ndani yake. Unaibana kwenye kola ya shati au ukingo wa mtandio, basi.

Balaa linaanzia kwenye boksi. Waya wa milimita 3.5 uliomo una mistari miwili myeusi kichwani, huo ni wa kamera. Simu yenye tundu la earphone inataka wa mistari mitatu, na ya USB-C inataka waya wa USB-C pande zote mbili, ambao Rode huuita SC16. Ukichomeka usiofaa, simu hailalamiki: inarekodi kwa maiki yake yenyewe, nawe unagundua umesharudi Chumbageni. Kwa hiyo, kabla ya mahojiano rekodi sekunde chache huku ukikwaruza transmita kwa ukucha, kisha sikiliza. Mkwaruzo usiposikika vizuri, angalia waya. Waya ukiwa sawa, huenda ni programu ya kamera: kwenye baadhi ya Android haisomi maiki ya nje, na itabidi uweke nyingine.

Pale Deep Sea, mnada wa samaki umechangamka na kusi inavuma, maiki tupu haifai kitu. Visha maiki yale manyoya ya kuzuia upepo, uyakaze maana huchomoka, kisha bana transmita kifuani, upana wa kiganja chini ya kidevu. Kelele za dalali zitaingia tu, kwa sababu maiki hii husikia pande zote. Msogeze mhojiwa pembeni. Mhariri hana dawa ya kelele hizo.

Umbali wa mita 200 unaotajwa na kiwanda ni wa uwanja mtupu. Masafa ni 2.4 GHz, na mwili wa mtu huyameza: mhojiwa akikupa mgongo, sauti inakatika. Ofisi zenye Wi-Fi nyingi nazo zinasumbua, kwani masafa ni hayohayo.

Hapo ndipo kifaa kinapolipa gharama yake. Transmita yenyewe huhifadhi sauti ndani, zaidi ya saa 24 ikiwa faili zimepunguzwa ukubwa au saa 7 zikiwa kamili. Huduma hii unaiwasha kwa programu ya Rode Central, na sauti unaitoa kwa programu hiyohiyo. Kumbukumbu ikijaa hufuta za zamani, kwa hiyo toa kila jioni. Washa pia chaneli ya akiba, inayorekodi desibeli 20 chini: mgeni rasmi akipaza sauti ghafla, bado una nakala isiyopasuka.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama video, la sivyo itapunguzwa ubora.

Anayehoji watu mezani tu ofisini, maiki ya waya ya kubana shatini inamtosha. Hii ni ya anayeshinda bandarini na sokoni, mradi akumbuke kuwa betri yake, ya hadi saa 7, haitolewi: ikizeeka, imezeeka na transmita.